Spika ya Nyuma Kushoto

Siku yake moja ya mapumziko katika wiki, Mashuka aliimalizia kwa magoti nyuma ya runinga. Kazini walimbandika jina hilo kwa sababu ya mashuka ya hospitali anayofua siku sita mfululizo, mikono mvukeni mpaka viwiko, na leo alichotaka duniani ni kulala kifudifudi asisemeshwe na mtu. Lakini baba yake alikuwa ameketi kwenye kochi tangu asubuhi, na shati lake lililopigwa pasi, kama mtu anayesubiri mgeni.

Na kweli alikuwa anasubiri. Alikuwa anamsubiri marehemu mkewe.

Mambo yalikuwa hivi. Baba, ambaye watu wa studio walimwita Mzee Sikio, maisha yake yote alikuwa mchanganya sauti wa filamu. Mashuka akiwa na miaka mitano, filamu moja ilihitaji sauti ya mwanamke anayegomba jikoni, na mzee akamrekodi mkewe bila kumwambia. Mwaka uliofuata mama akafariki. Kanda za nyumbani zikaozea stoo kwa unyevu, studio ikafungwa, na sauti yote ya mama iliyobaki ikawa sekunde tisa ndani ya filamu ile, zikitoka katika spika ya nyuma kushoto. Sasa filamu yenyewe ilikuwa imeibuka kwenye huduma moja ya filamu za mtandaoni, na kesho ingeondolewa. Ukiwauliza kwa nini inaondolewa, wanakwambia muda wake umekwisha, kisha wanakutakia siku njema.

Walishaijaribu kwa spika mbili za runinga. Dakika ya arobaini na moja, ile ya mama, ilipofika, kilichosikika ni mvua tu.

"Wamemzamisha," baba alisema. "Kila nilichokiweka nyuma wamekisukumia mbele, mvua ikamfunika."

Ndipo Mashuka akaazima spika tano, besi na amplifaya kwa mwenzake wa kazini, akazibeba nazo zina uzito wa dhambi. Asubuhi akasimama mbele ya runinga, akaliangalia kochi, akapanga zile mbili za nyuma: hii ya kushoto, ile ya kulia. Akawasha. Zote zikalia, naye akashusha pumzi.

"Hazijakubali," baba akasema.

"Baba, si zinalia zote?"

"Zinalia, lakini zote zinasema neno moja. Hiyo ni sauti ya njia mbili, kushoto na kulia basi, imegawiwa watu watano."

Mashuka alimtazama mzee huyu mwenye kichwa kigumu, akahesabu mpaka kumi, akapiga simu ya huduma kwa wateja. Muziki wa kusubirishwa ulimlilia sikioni kwa nusu saa nzima.

"Huduma yetu ina sauti ya pande zote, dada," alisema mhudumu, sauti imemchoka yeye mwenyewe.

"Hongereni. Kwangu haijafika."

"Inategemea filamu, kifurushi na kifaa."

"Kwenye filamu mmeandika ipo. Kifurushi nimepandisha juzi."

"Basi ni kifaa. Programu iliyo ndani ya runinga yako inatoa njia mbili tu."

"Tangazo lenu linasema runinga zote!"

Mhudumu alikohoa kidogo. "Runinga zote zinazokubali, dada."

Mashuka alitaka kumpa vidonge vyake, ila alimwonea huruma. Huyu naye alikuwa anafua mashuka ya watu. Kwa hiyo walikwenda pamoja, polepole, mmoja haoni na mwingine haelewi: kisanduku kidogo cha filamu za mtandaoni, kilichokaa nyuma ya runinga bila kutumika, kichomolewe hapo, kichomekwe kwenye amplifaya moja kwa moja, kisha kwenye mipangilio ya sauti, asiache ijichagulie yenyewe. Walikosea mara tatu. Mara ya nne, pembeni ya jina la filamu pakatokea alama ndogo ya sauti ya pande zote, na mhudumu akashangilia kuliko Mashuka.

Baba aliketi wima. Filamu ikaanza, na mvua, badala ya kunyesha runingani, ikanyesha sebuleni. Mashuka alikaa upande wa kushoto wa baba yake, akiwa hoi, macho yanafumba yenyewe. Hata hivyo dakika ya arobaini na moja ilipofika alikuwa macho. Mwanamume wa kwenye filamu akakaa barazani. Nyuma yao, kwa mbali, vyombo vikagongana.

"Wewe! Chakula kinapoa. Hiyo mashine utaila?"

Mashuka hakujua kama angeikumbuka sauti hiyo. Aliikumbuka kwa mgongo, kabla ya akili, na akajikuta anataka kuinuka akanawe mikono. Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa. Akamgeukia baba.

Baba alikuwa bado amekaza shingo, anasubiri. "Bado?" akauliza.

"Bado nini? Si amepita!"

"Hajapita."

"Baba, amesema sasa hivi! Chakula kinapoa, amesema! Nimeshinda kutwa kwenye magoti, halafu hata husikilizi!" Uchovu wa wiki nzima ulimtoka kwa mkupuo mmoja, na mwingine wa zamani zaidi nyuma yake. "Toka nikiwa mdogo. Nakuita, unatazama ukuta."

Mzee alimgeukia. Kisha akauliza, taratibu, "Ametokea upande gani?"

Mashuka alinyoosha kidole. Nyuma, kulia.

"Waya umezigeuza. Ulizipanga ukiwa umelitazama kochi." Akaligusa sikio lake la kulia. "Hili halisikii tangu sijamwoa mama yako. Vishindo vikubwa husikia, vidogo havifiki."

"Wewe? Mzee Sikio?"

"Mchanganya sauti wa sikio moja, nani angempa kazi? Alijua mama yako peke yake. Alikuwa anakuja studio na chakula, anakaa kulia kwangu. Kitu cha upande ule kikiwa chini, ananigusa goti mara moja. Kikizidi, mara mbili. Watu walidhani ni mahaba." Alifikiri kidogo. "Na yalikuwa mahaba. Yeye nilimweka kushoto, nije kumsikia mwenyewe."

Mashuka alikumbuka meza yao ya chakula, na kiti chake kilichokuwa daima kulia kwa baba, na maswali yote aliyouliza akiwa pale yasijibiwe. Alikuwa amebeba kinyongo hicho miaka arobaini. Sasa hakujua akiweke wapi.

Alirudi kwenye magoti. Kubadilisha waya hakukuchukua hata dakika mbili. Akairudisha filamu nyuma, na safari hii akazunguka kochi, akakaa kulia kwa baba yake.

Mvua. Baraza. Vyombo.

"Wewe! Chakula kinapoa. Hiyo mashine utaila?"

Mzee alifumba macho. "Nakuja," alisema, na alisema kwa sauti kabisa.

Mashuka alimwacha. Baada ya kitambo, kutoka kulia, mlango wa kitasa kibovu ukakwaruza kidogo sana. Baba hakutikisika. Mashuka akaunyoosha mkono, akamgusa goti mara moja.

"Nini?"

"Mlango. Mdogo."

"Eeh, upo?" Mzee akatabasamu. "Sijawahi kuusikia mlango huo mimi. Mama yako ndiye aliyesema ubaki. Upande huo wote ni kazi yake."

Mashuka hakwenda kulala. Aliacha mkono wake pale gotini, akausikiliza upande wa mama yake mpaka filamu ikaisha.