Kipima-joto cha Projekta ya Ngongo

Zihindula alijua kosa ni lake kabla hata ngumi ya kwanza haijamfikia.

Asubuhi ile alikuwa Area 36, jijini Lilongwe, ambako fundi mkubwa wa projekta alimpa kazi: aanze Jumatatu, aje na mikono yake tu. Alirudi kambini Dzaleka na furaha tele, akaingia moja kwa moja kwenye banda la video la mzee Ngongo kuonyesha nusu fainali.

Projekta ya Ngongo ilikuwa na tabia ya kujizima ikipata joto. Zihindula aliipiga chenga, kama mafundi wote wa kambini: alibandua kipima-joto chake, kidude cha waya kama punje ya mchele, kutoka kwenye kioo cha ndani kinachounda picha, akakibandika mbele ya feni. Mashine ikadhani kuna baridi, haikujizima tena. Alichosahau, mjinga yule, ni kwamba kidude hicho hicho ndicho kinachoiambia mashine ipunguze umeme wa kioo joto likipanda. Watu mia mbili chini ya bati, alasiri ya Oktoba. Kioo kilichemka, umeme ukabaki ule wa baridi. Nyeusi ikawa kijivu, kijivu ikawa nyeupe, na mpira ulipowekwa kwa penalti, wachezaji wakafutika ukutani.

"Huyu bwana iko anatuchezea," alisema Vainqueur, kinyozi wa jirani.

Benchi lilipinduka. Vainqueur alimtandika ngumi ya mdomo, meno mawili yakatoka, wengine wakamshukia kwa mateke. Aliposhika mguu wa meza ainuke, Vainqueur aliukanyaga mkono wake wa kulia kwa kisigino, mara tatu, mpaka mifupa ikasikika.

"Muniachie," Zihindula alisema, damu ikimtoka. "Mi njo najua kuitengeneza."

Wakamwachia. Mfuniko wa projekta ulikuwa wazi. Kwa mkono wa kushoto aling'oa kipima-joto kwenye feni, akakibana kwenye ukingo wa kioo, penye joto la kupunguza umeme lakini si la kuizima mashine. Kilimuunguza. Polepole nyeusi ikarudi, wachezaji wakarudi, na banda zima likakaa kutazama kana kwamba hakuna aliyepigwa.

Alipolegeza kidole, picha ilipauka tena. Watu wakanguruma.

"Usitoe mukono, fundi," Vainqueur alimwambia kwa upole, akimfuta damu kidevuni. "Inabakia dakika makumi tatu."

Hakuutoa. Ngozi ya kidole ikaanza kunuka. Aliutazama mkono wa kulia ulivyovimba na kuning'inia, akataka kulia, akakumbuka kwamba leo ni Jumamosi, na keshokutwa ni Jumatatu.