Oili Aliyomimina Anyesi

Usiku wa jana niliota mashine yangu ya kusaga imekuja kulala kitandani, upande aliokuwa analala marehemu mke wangu. Ilikuwa imevua mkanda wake na kuutundika pale ninapotundika koti. Ilikuwa inakohoa.

"Baba Oliva," ikaniambia, "umelala?"

"Nimelala," nikasema.

"Vizuri. Basi tuongee."

Sikushangaa. Huku kwetu milimani baridi ya mwezi wa sita inaleta wageni wa kila namna, na hakuna kiongozi hata mmoja aliyewahi kuja kuuliza tunalalaje. Nikasogea ukutani, nikaipa blanketi.

"Oili yangu imechoka," mashine ikasema. "Imekuwa nyeusi kama masizi na nzito kama uji uliolala. Siku si nyingi nitanoki, nitakwama humu ndani nisizunguke tena, na wewe hutakuwa na kitu cha kula."

"Mbona nakuongezea kila inapopungua?"

"Kuongeza siyo kubadilisha. Ukioga kwenye beseni maji yakawa tope, ukatia kikombe kimoja cha maji safi, utasema umebadilisha maji?"

Niwaeleze wasioijua habari hii. Oili ya mashine alikuwa anabadilisha mke wangu, Anyesi. Mimi kazi yangu ilikuwa mkanda, chekeche na kupokea madebe ya wateja. Yeye alikuwa anachomoa kijiti cha kupimia, anasugua oili kati ya vidole viwili, ananusa, anasema, "Hii imechoka." Anaimwagia kwenye beseni, anamimina mpya. Ile chafu haitupi. Anachukua brashi ya katani anapaka nguzo za jiko, za choo, za ghala, mpaka kigingi cha mbuzi, ili mchwa wasile. Ndivyo tunavyofanya huku. Mchwa na oili chafu hawapatani.

Siku aliyomimina mara ya mwisho, jioni yake akashikwa na tumbo. Gari la wagonjwa lilikuwepo, limepakwa rangi vizuri, limeegeshwa chini ya banda. Haliendi. Waliokabidhiwa walikuwa hawajabadilisha oili mpaka injini ikakwama. Sasa leo mtu ananiambia nimwage oili ambayo Anyesi aliimimina kwa mkono wake. Niimwage ili nibaki na nini?

"Simwagi," nikaiambia mashine.

"Basi twende ofisini," ikasema, ikavaa mkanda wake.

Tunatoka. Mlango wa chumba changu unatokea ofisi ya kijiji, na ofisi ya kijiji imegeuka duka la vipuri. Kwenye benchi wamekaa oili wanne wanasubiri usaili. Nyuma ya meza amekaa Kijiti cha kupimia, mwembamba, amenyooka, amevaa tai. Kifuani ana alama mbili, ya juu na ya chini.

"Kabla ya yote mwenye mashine apimwe," Kijiti anasema. "Asimame sehemu tambarare na awe amepoa."

Natafuta sehemu tambarare siioni. Sakafu yote imeinama, mpaka wino unateleza mezani.

"Tambarare yote ya kijiji hiki amegawiwa mwenyekiti," Kijiti anasema bila aibu.

Hapo nikajua ndoto hii si ya uongo.

Nikaambiwa nisimame kwenye kibaraza cha mwenyekiti, ambacho kilikuwa humohumo ofisini, pembeni ya kabati. Kibaraza kipya cha saruji, laini, unaweza kujiangalia uso. Saruji ile tuliichanga sisi na kanisa kwa ajili ya misalaba ya makaburini, wa Anyesi ukiwemo. Yeye mpaka leo ana msalaba wa mbao niliougonga mwenyewe. Msumari ulipinda mbele ya waombolezaji wote, na shemeji yangu Wiliadi akacheka. "Shemeji," alisema, "hata msumari unakukataa." Kwenye msiba wa dada yake.

"Umepoa?" Kijiti akauliza.

"Sijapoa tangu siku ile."

"Tutapima hivyohivyo."

Akainuka, akaniingia sikioni mpaka tumboni, akatoka, akajitazama. "Uchungu umepita alama ya juu," akasema. "Lakini kipimo cha kwanza hudanganya." Mashine ikachukua kitambaa, ikanifuta kichwa chote. Kijiti akaingia tena, akatoka. "Ni kweli umepita. Na chini kabisa pametuama unga."

"Mimi ni msagaji," nikasema.

"Sijakataa. Waje waombaji."

Wa kwanza alikuwa oili nzito, namba arobaini, baba mwenye tumbo. Alichukua muda mrefu kutoka benchi mpaka mezani.

"Mimi natulia," akasema. "Nikishafika kwenye chuma sibanduki."

"Na asubuhi? Huku kuna baridi."

"Asubuhi usinitafute. Naanza kuonekana saa nne."

"Kama watu wa ofisi hii," nikasema, na Kijiti akakohoa.

Wa pili alikuwa mwepesi mno. Kabla hajamaliza kutaja jina alikuwa ameshapita chini ya mlango. Tukamsikia nje anasema, "Nipo, nipo," halafu anasema hivyohivyo mbali zaidi, halafu kimya.

Wa tatu alikuwa na namba mbili, kumi na tano na arobaini, na katikati amevaa herufi moja kama kifungo.

"Hiyo herufi ni ya baridi," akaeleza. "Asubuhi ya baridi nakuwa mwepesi, nafika upesi kila pembe ya injini. Chuma kikipata moto, uzito wangu ni wa arobaini, sikimbii."

"Yaani unabadilika kufuata hali ya hewa."

"Ndiyo, mzee."

"Diwani wetu yuko hivyohivyo. Kabla ya kura mwepesi, anafika kila nyumba. Baada ya kura mzito, hainuki."

"Diwani anabadilika ajilinde yeye," akasema kwa upole. "Mimi nabadilika nilinde chuma."

Nikamwangalia vibaya tu.

Wa nne aliingia akiwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa, hana lebo. Alikuwa oili ya kupima, ile unayopimiwa dukani kwa chupa.

"Mimi ni nafuu," akasema.

"Unatoka wapi?"

"Kwenye pipa."

"Kabla ya pipa?"

"Mzee, usinichimbe. Nilikuwa kwenye basi moja la mkoani, nikaishi maisha mabaya. Nikachujwa kwa kitambaa, nikaokoka."

"Sasa chagua," Kijiti akaniambia.

"Sichagui. Nafasi haiko wazi. Yupo aliyemo."

Oili wote waliobaki wakatazamana kama watu walioitwa kwenye kazi ambayo ina mtu wake. Hilo pia nimeshaliona, ila wakati ule mwenye kazi alikuwa mpwa wa mtendaji.

"Basi waitwe Masaa," Kijiti akasema.

Mashine yangu ina kibati kimeandikwa oili ibadilishwe kila baada ya masaa mia mbili ya kazi. Nilidhani ni maandishi. Kumbe ni watu. Mashine ikafungua mdomo pale pa kumiminia, na Masaa wakaanza kutoka, wanawake wanene wenye sweta za rangi moja, kila mmoja na debe lake la mahindi. Wakajaa ofisi. Wakajaa kibaraza. Wengine walikuwa wamepakatana.

"Tulitakiwa tushuke zamani," akasema mmoja aliyebeba debe kichwani. "Tunakaa humo gizani na moshi, na wewe kila siku unapakia wengine."

"Unga unanuka moshi," akasema mwingine. "Watoto wanauliza tumepika nini."

"Mlalamikieni anayehusika," nikasema.

Yule wa debe akanisogelea. "Baba Oliva, gari la wagonjwa lilikufa kwa nini?"

"Kwa sababu ya waliokabidhiwa."

"Walifanya nini?"

"Hawakubadilisha oili. Wakawa wanaongeza, wanaongeza, mpaka likakwama."

"Na mashine hii amekabidhiwa nani?"

Nikafikiri vizuri, maana niliona ni swali la mtego.

"Mwenyekiti," nikasema.

Masaa wakaguna wote kwa pamoja, ule mguno wa kina mama kwenye foleni mtu anapochomekea debe lake mbele.

Ndipo sauti ikatoka chini kabisa, tumboni mwa mashine. Sauti nzito, ya mtu aliyechoka ambaye hajagombana na yeyote.

"Naomba niseme. Mimi ndiye niliyemo."

Nikavua kofia.

"Usivue kofia," oili ikasema. "Mimi siyo Anyesi. Mimi ni oili. Anyesi alinimimina, akanawa mikono kwa sabuni ya mche, akaenda zake kupika. Hakuniaga hata mimi. Sasa niambie, akitokea leo akachomoa kijiti, akanisugua kwenye vidole, akaninusa, atasema nini?"

Nilijua. Sikutaka kusema, lakini mdomo ulisema wenyewe. "Hii imechoka."

"Halafu atanipeleka wapi?"

"Kwenye nguzo."

"Mti gani wa nyumba yenu haujawahi kupakwa?"

Nilianza kuhesabu kichwani, jiko, choo, ghala, kigingi cha mbuzi. Nikiwa bado kwenye kigingi, ukuta wa ofisi ukawa haupo. Tupo makaburini. Meza ipo, benchi lipo, mashine ipo, Kijiti na tai yake yupo, na Masaa wametua madebe kati ya makaburi wanapumzika. Mbele yangu upo msalaba wa Anyesi, na mchwa wameuzunguka wamekaa kwenye viti vidogo, kila mmoja na sahani na kijiko. Wanakula bila kelele, kwa adabu, kama wageni wa harusi ya mchungaji.

Mkubwa wao alikuwa amevaa miwani. Akafuta mdomo.

"Karibu, mzee. Tumefika mkono wa kulia."

"Mnakula msalaba wa mke wangu."

"Pole. Tulibisha hodi kwanza. Sisi mti wenye mwenyewe hatuugusi, tunanusa. Tukikuta oili, tunajua una mwenyewe, tunapita. Huu tulinusa chini mpaka juu, tukasema masikini, huu hauna mtu."

"Una mtu. Mimi hapa."

"Hukupaka."

"Ulipaswa kuwa wa zege," nikamwambia. "Muulizeni mwenyekiti saruji iko wapi."

"Zege hatuli," akasema mchwa, na kwa kweli alionekana kunionea huruma. "Mwenyekiti tungemuuliza, lakini yeye hayupo hapa na sisi njaa tunayo. Mama huyu tunamheshimu. Alipokuwepo hatukuonja hata kigingi cha mbuzi wake. Siku tuliposikia amelala hapa tulisema, huyu mti wake utakuwa unanuka oili mpaka barabarani."

Akaingiza mkono mdomoni, akatoa kitu, akakipangusa kwenye shati.

"Hiki hatuli," akasema. "Kwanza kimepinda."

Akaniwekea msumari kiganjani. Mkono wa kulia wa msalaba ukaning'inia, ukabaki umeshikwa na upande mmoja tu, kama mtu aliyechoka kupunga.

Sikumlaumu mtu yeyote wakati ule. Sikupata nafasi. Nilifumba kiganja, nikawageukia Masaa.

"Shukeni," nikasema. "Wote. Shukeni."

Wakabeba madebe yao wakaanza kuondoka kwa mstari, wanapita katikati ya makaburi, na yule wa debe kichwani akasema, "Saa zote hizi," akapita. Nikapiga goti chini ya mashine, nikaigusa nati ya kumwagia oili.

"Usinimwage nikiwa baridi," oili ikasema. "Iwashe kidogo nipate uvuguvugu, ndipo nishuke na uchafu wangu wote. Na ukimaliza, mweke yule wa tatu, mwenye namba mbili. Alikujibu vizuri."

"Nimesikia."

"Na brashi usitafute. Iko nyuma ya pipa, alikoiacha."

Nikasikia Wiliadi anacheka sehemu fulani, nikafungua macho.

Kumekucha. Upande wa pili wa kitanda hakuna mtu wala mashine, ila blanketi limevutwa huko. Nje Mama Tulla, jirani yangu, alikuwa anagonga debe lake kwa kiganja.

"Baba Oliva, leo unasaga au unalala?"

"Silali. Ila asubuhi hii sisagi."

"Tutakula nini sasa?"

"Nitawasha mashine kidogo ipate moto, halafu nitazima. Nabadilisha oili. Ukirudi mchana utakuta tayari."

Akaacha kugonga debe. "Ile ya Mama Oliva?"

"Hiyohiyo."

"Haya," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Debe naliacha hapa. Usimpe mtu namba yangu ya foleni."

Nikataka kuchukua koti, mkono wa kulia ukakataa kufunguka. Nikaufungua kwa mkono wa kushoto, kidole baada ya kidole. Kiganjani kulikuwa na msumari umepinda katikati, kichwa kimebonyea upande mmoja pale nyundo ilipoteleza, na umeshika unga wa mbao na udongo mwekundu.

Nikautia mfukoni, nikaenda nyuma ya pipa kuchukua brashi. Mwenyekiti nitamlaumu mchana.