Kaburi la Igoki

Njiru alikufa bila kuwataja wazazi wake hata mara moja. Binti yake Mukami, karani wa shule mjini Meru, alipokuwa akipanga vitu vyake alikuta kadi ya ubatizo. Baba: Njuki. Mama: Igoki. Kianjokoma. Wote wamefariki, 1954. Njiru alikuwa na miaka mitatu wamisheni walipomchukua.

Sehemu iliyobaki Mukami aliijaza mwenyewe. Mwaka ule wa Hali ya Hatari, babu yake bila shaka alikuwa msituni akipigania uhuru, ndipo Wazungu wakamuua. Aliamini hivyo mpaka Agosti 2004, alipofika Kianjokoma na kuanza kuuliza. Sokoni wanaume watatu walisikia jina la Njuki wakamgeuzia mgongo. Wa nne, muuza viazi, alimwelekeza kwa mzee Nyamu.

"Nenda, lakini usiseme ni mimi nimekutuma."

Nyamu alikuwa amekaa nje ya nyumba akinoa panga. Alimtazama mgeni mara moja tu.

"Wewe ni wa Njuki. Pua hiyo naijua. Toka kwangu."

"Mzee, nimetoka Meru. Nataka tu kujua walikufaje."

"Nimesema toka!"

Mkewe, Marcella, alitoka jikoni na mikono ya unga. "Mwambie, au nitamwambia mimi."

Nyamu alitema mate kando. "Igoki alikuwa dada yangu, tumbo moja. Akienda mtoni alificha viazi vitamu ndani ya mtungi, akawaachia watu wa msitu. Mumewe alikuwa homgadi, mwenye bunduki ya serikali. Siku aligundua, hakumpiga wala hakumgombeza. Alienda kwa bwana DO, Mzungu wa serikali, akamtaja."

Mukami alitafuta mahali pa kukaa. Hakuna aliyempa kiti.

"Wakampeleka kuchimba handaki la kuzunguka kijiji, kutoka asubuhi hadi jioni, bila chakula. Njuki ndiye alisimamia safu yake. Mtoto analia ukingoni, mama haruhusiwi kuinua kichwa. Siku ya tisa akaanguka, hakuinuka tena. Wakamfukia hapo hapo."

"Na Njuki?"

"Mwezi uliofuata watu wa msitu walimkatakata njiani."

"Walijuaje njia yake?"

"Niliwaambia mimi," alisema Nyamu. "Hata leo ningewaambia."

Babu aliyekuwa akimwonea fahari alikuwa ametoweka, na huyu aliyebaki mbele yake hakuwa bora sana.

"Kwa hiyo wewe ni mjomba wa baba yangu," alisema. "Mbona hukumchukua? Alikuwa na miaka mitatu!"

"Alikuwa na uso wa Njuki."

"Nilimwomba," Marcella alisema. "Nilipiga magoti. Alikataa."

"Basi wewe na Njuki mmefanana," Mukami alimwambia mzee. "Yeye alimtupa mke, wewe ukamtupa mtoto wa dada yako. Baba alikufa akidhani hana mtu duniani."

"Usinilinganishe na mbwa yule!"

"Igoki yuko wapi?"

Nyamu alirudi kunoa panga. Marcella ndiye aliyeelekeza kwa kidevu, upande wa shamba la chai, pale mistari ya michai ilipobonyea kidogo juu ya handaki lililofukiwa.

Mukami alishuka kati ya michai. Nyuma yake mzee alipiga kelele asikanyage pale, asithubutu. Bonge la udongo alilorusha lilimpiga mgongoni. La pili lilimpata begani. Wachumaji wawili waliacha kazi wakatazama. Mukami alichuchumaa, akaweka kiganja chini.

"Cucu, nyanya yangu, mimi ni Mukami," alisema. "Mtoto wa Njiru. Alikua. Alisoma, akaoa."

Nyamu aliwaita wanawe. Walikuja wanaume wawili waliovaa gambuti za shambani, wakamshika Mukami mikono na kumpeleka hadi barabarani. Mmoja alimuuliza kwa sauti ya chini jina la baba yake lilikuwa nani. Mukami alipangusa udongo begani, akashika njia ya kurudi sokoni.