Miguu ya Bi Masjala Mbele ya Bodi

Kila asubuhi karani wa masjala, ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Masjala, alipandisha mafaili ghorofani. Ikifika saa ya chai alivua viatu, na miguu yake ikashuka kitini ikaenda zake. Yeye alibaki akigonga mihuri, sketi imelala.

Miguu ilipanda hadi chumba cha zamani cha wapiga chapa. Siku hizi kimefungwa, lakini enzi zile mabinti wa ofisi, yeye akiwemo, walikuwa wakicheza rumba humo kwa mdundo wa mashine, msimamizi akitoka tu. Bi Masjala akisikia visigino juu ya dari alitabasamu peke yake. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Wake ulikuwa umerudi, ila uliishia ghorofa ya juu.

Jioni aliivaa tena miguu, magoti yakauma vilevile. Aliomba kustaafu mapema, akanyimwa. Makarani wawili wa kiume, magoti yao mabovu kama yake, walikuwa wameruhusiwa na kuagwa kwa keki. Yeye aliambiwa wanawake wamezoea kubeba. Akakata rufaa.

Bodi ya rufaa ilitaka kuiona miguu. Mwenzake wa meza ya pili alikwenda kuiita, nayo ikaja, ikasimama kwenye zulia kando ya kiti cha Bi Masjala. Mwenyekiti aliinama akaitazama.

"Imeshuka ngazi yenyewe," alisema. "Basi ni mizima."

"Bila mimi, mheshimiwa. Mafaili nayabeba mimi."

"Mama, kanuni haituruhusu kumpima mtumishi mbali na miguu yake."

"Na wale kaka zangu wawili mliwapimaje?"

Mwenyekiti alifunua karatasi, akafunika. "Wale walikuwa na familia."

Bi Masjala alikuwa amezika mume na kusomesha watoto wanne kwa kazi hiyo hiyo. Alitaka kusema hayo, mwenyekiti akafunga faili. Rufaa ikatupwa.

Kidole kimoja cha mguu kilikuwa bado kinapigapiga zulia. Aliionea huruma miguu kuliko alivyojionea mwenyewe, ilikuwa kama mtoto aliyeitwa ndani mchezo ukiwa umenoga. Akaivaa palepale. Wajumbe walitazama dirishani kwa adabu.

"Pole, shoga," mwenzake alimnong'oneza. "Tukate rufaa nyingine?"

"Kwanza nisaidie kusimama."