Theluji ya Kenton

Theluji ikianguka London, treni zinagoma. Wala si nyingi, inchi mbili tu, theluji ambayo watu wa nchi nyingine wangeifagia mlangoni wakaendelea na mambo yao. Asubuhi hiyo ya Jumanne Generosa alikwama stesheni ya Edmonton dakika arobaini nzima, miguu imekufa ganzi, akitazama saa na kulaani kimoyomoyo. Siku nyingine angechelewa, akaomba radhi, yakaisha. Leo hapana. Leo saa nne kamili afisa ustawi wa jamii alikuwa anakuja mtaa wa Kenton kumkagua Mama Damyanti.

Mama Damyanti alikuwa mjane wa miaka themanini na miwili, na kazi yake ya maisha ilikuwa kuchora theluji. Usicheke. Alizaliwa Moshi mjini, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, na utotoni kila alipoamka aliiona theluji ya Kibo kule juu bila kuigusa hata siku moja. Alipofika London, msichana wa miaka ishirini na minne, majira ya baridi ya kwanza alitoka nje peku, akaishika kwa mikono miwili, akarudi ndani analia kwa baridi huku anacheka. Tangu hapo hakuchora kitu kingine. Alikuwa mmoja wa wale wanaoitwa waimpreshonisti, watu wasiochora mti wala nyumba bali mwanga ulioupiga mti na nyumba, tena papo hapo, haraka, kabla jua halijahama. Zaidi ya miaka hamsini alisimama kwenye bustani za London na glavu zilizokatwa vidole, watu wakimpita na mbwa wao wakidhani amechanganyikiwa. Picha zake zilitundikwa kwenye kumbi za maonyesho na kwenye sebule za watu asiowajua.

Alikuwa na sheria moja tu: rangi nyeusi haiingii nyumbani kwake. "Kwenye theluji hakuna nyeusi," alimwambia Generosa wiki ya kwanza. "Na hiyo nyeupe yenyewe ni kidogo kuliko unavyodhani."

Sasa macho yalikuwa yamemgeuka. Katikati hakuona kitu, kiza kitupu, amebakiwa na pembeni tu. Akitaka kuuona uso wako anatazama sikio lako. Generosa, aliyekuwa mhudumu wake mwaka wa tatu huu, na yeye mtu wa Kibosho, kule kule Moshi, ndiye aliyebuni mbinu. Alichukua uzi mnene wa kushonea, akaufunga kwenye shingo ya kila tyubu ya rangi: fundo moja nyeupe, mawili bluu, matatu zambarau, manne njano. Mama anapapasa, anahesabu, anakamua. Na hayo macho ya pembeni, jamani, kwa mwanga bado yalikuwa hodari kuliko ya wengi wetu.

Tatizo likawa jiko. Mwezi wa kumi na moja Mama aliacha gesi inawaka, akaweka juu yake kitambaa cha kufutia brashi kilicholowa tapentaini. Pazia likashika moto. Pona pona ni kwamba Generosa alikuwa koridoni anavua koti. Binti yake Mama, Minal, anayekaa Leicester, alikuja juu kwa simu mpaka majirani wakasikia. Wakakubaliana hivi: afisa ustawi wa jamii wa kaunsili ya mtaa aje, akisema mama hafai kukaa peke yake, mama anahamia nyumba ya wazee kule Leicester, bila ubishi. Mama aliapa kutii, na yeye si mtu wa kuapa ovyo. Kwenye nyumba ile rangi za mafuta ni marufuku, wanaogopa moto. Kuna rangi za maji za watoto, kila Alhamisi, saa moja.

"Nikipelekwa kule nitakufa," Mama alimwambia Generosa. "Sitaugua. Nitakufa tu."

Barua ya daktari ilisema macho yanapungua, na afisa alitaka kujionea yamepungua kiasi gani. Kwa hiyo Mama alipanga akutwe anachora. Mtu anayechora anaona, nani atabisha?

Generosa aliingia saa nne kasoro dakika tano akihema. Mama alikuwa tayari mbele ya dirisha la bustani, koti mwilini, turubai jeupe mbele yake, uso unang'aa.

"Imeanguka, Generosa! Leo leo! Unaiona?"

"Naiona, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nipe rangi."

Generosa akageukia meza. Tyubu zote zilikuwa ndani ya kopo la biskuti, zimeoshwa zinameta, zimepangwa kubwa kwa ndogo. Hakuna hata uzi mmoja. Mhudumu wa wikendi, Mungu amsamehe, aliona nyuzi chafu zilizoganda rangi akazikata zote akatupa, kisha akaacha na kikaratasi: *Nimekusafishia!* Majina ya rangi yalikuwepo, ndiyo, kwa herufi ndogo kuliko sisimizi. Generosa akavuta droo kutafuta uzi. Kengele ya mlango ikalia.

Afisa alikuwa binti mweusi wa miaka ishirini na kitu, nywele amesuka vizuri, theluji kwenye mabega, kitambulisho shingoni kimeandikwa Angel. Alisalimia kwa Kiingereza cha London hasa. Generosa akamkadiria ni Mjamaika, akafunga mjadala. Yeye, binti wa Kibosho aliyesoma na kina Angel wanne darasa moja, jina lile halikumshtua!

"Endelea tu kuchora, nitakaa pembeni," Angel alimwambia Mama kwa Kiingereza, akatoa fomu.

Mama akanyoosha mkono kwenye kopo. Generosa aliviona vidole vile vikipapasa shingo ya tyubu ya kwanza, vikatafuta fundo, vikakosa. Ya pili, vikakosa. Angel akainua macho. Mama akachukua tyubu yoyote, akafungua, akakamua pale anapowekaga nyeupe. Nyekundu! Nyekundu ya damu, katikati ya kibao cha kuchanganyia rangi.

Generosa akatabasamu hadi masikio, akasema kwa sauti ya mtu anayekaribisha chai:

"Mama, hiyo ni nyekundu, uzi umekatwa. Usishtuke. Nyeupe ni hiyo kubwa ya kushoto kabisa. Cheka kidogo, haka kabinti hakaelewi kitu."

Mama akacheka kidogo. Mkono ukaenda kushoto kabisa.

"Mnaongea nini?" Angel akauliza kwa Kiingereza, kwa upole.

"Namuuliza kama atakunywa chai."

"Chai. Sawa." Akaandika kitu kirefu.

Basi ikabidi chai iwepo. Generosa akakimbia jikoni, akabandika maziwa, akawasha gesi, akarudi mbio maana vidole vya Mama vilishaanza kuhangaika tena. "Bluu ni ya tatu kutoka kwako. Hapo hapo. Zambarau iko chini yake. Loo, kanapenda kuandika haka! Kangefaa kuwa mwalimu wa zamu." Mama akauma mdomo asicheke kweli, na brashi ikaanza kutembea.

Na ilitembea, we acha tu. Uzio, mpeari mkongwe, kivuli chake kimelala kwenye theluji, vyote vilikuja kwa mapigo mafupi mafupi, bluu juu ya waridi, Mama akitazama pembeni ya kila kitu alichokichora. Angel aliacha kuandika. Alikuwa ameegemea mbele, kalamu hewani. Generosa moyoni akasema, tumepita. Akazidi kuongoza, kushoto, kulia, hiyo sasa, siyo hiyo, na furaha ikamfanya asahau kabisa kilichobaki duniani.

Angel akanyanyuka ghafla akaelekea jikoni. Wakasikia jiko likizimwa. Akarudi mlangoni, na harufu ya kuungua ikamfuata.

"Maziwa yamemwagika," alisema. "Nimezima."

"Asante, mwanangu," Generosa akajibu.

Ndipo akili ikayafikia masikio. Kiswahili. Binti alikuwa amesema Kiswahili. Generosa alitamani sakafu ipasuke. Kabinti, hakaelewi, mwalimu wa zamu. Yote yakamrudia moja moja, na aibu ikampanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Shikamoo, Mama," Angel alimwambia Damyanti, salamu aliyopaswa kuitoa mlangoni. Kisha akamgeukia Generosa. Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto aliyezaliwa huku, anasikia kila kitu nyumbani lakini hujibu kwa Kiingereza, na sasa alikitafuta neno kwa neno. "Auntie, sikasiriki. Mama yangu pia ananisema hivyo. Lakini wewe unaona vizuri, na bado umesahau. Sasa usiku, ukienda home, yeye nani anamwambia jiko iko on?"

Generosa aligeuka kutazama jikoni. Aliogopa, si kwa ajili ya kazi. Aliliona lile pazia linawaka na koridoni hakuna mtu.

Mama akaweka brashi chini.

"Hakuna anayeniambia," alisema. "Nimedanganya leo, na huyu nimemdanganyisha. Sioni katikati, mwanangu. Andika hivyo hivyo."

"Mama!" Generosa akalia.

"Nyamaza. Halafu andika na hili: jiko liondolewe. Leo. Mkate bomba, mlibebe, mkaliuze chuma chakavu, shauri yenu."

"Na chai?" Generosa alimjua. Huyu ni mtu wa chai tano kwa siku, ya tangawizi, iliyochemshwa na maziwa yake sufuriani, na chai iliyopoa alikuwa akiimwaga kwenye sinki bila hata kuonja.

"Utaniletea kwenye chupa. Ikipoa nitainywa imepoa." Akaishika tena brashi. "Minal anataka niache kitu. Naacha moto. Hii siachi."

Angel alikaa chini. Aliandika muda mrefu. Nje theluji ilianza kudondoka kutoka kwenye mpeari, mabonge kwa mabonge.

"Naandika ukweli," alisema mwisho, sasa kwa Kiingereza, polepole ili wote wafuate. "Macho hayafai kupikia. Jiko likatwe leo. Tapentaini na vitambaa vikae kwenye banda la nje, si ndani. Mtu aje asubuhi na jioni, wikendi pia. Ukiyakubali yote, naandika unafaa kubaki. Likivunjwa moja, nitarudi mwenyewe, na sitabisha hodi kwa upole."

"Nimekubali."

"Na hayo ya kumtajia rangi?" Generosa aliuliza kwa sauti ndogo.

Angel akaipitia fomu, ukurasa hadi ukurasa. "Hapa hakuna swali la rangi."

Generosa akakimbilia jikoni asionekane analia. Akapiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya jiko kutafuta koki ya gesi. Kutoka sebuleni akamsikia Mama, sauti imerudi kuwa ya amri.

"Wewe mtoto, jua linahama na mimi nimechelewa. Kile kivuli cha mti kina rangi gani?"

"Kijivu."

"Kijivu kina nyeusi ndani yake, na nyeusi haiingii humu. Tazama tena."

Hatua zikaenda dirishani.

"Bluu," Angel akasema. Halafu, kwa mshangao wa mtu aliyepita juu ya theluji maisha yake yote, "Hapana. Zambarau. Mama, ni zambarau!"

"Basi nipe."

Tyubu zikagongana ndani ya kopo, binti akitafuta. Generosa akaishika koki, akaizungusha mpaka ikagoma.