Mtungi wa Langoni

Mama mkwe wangu hana simile, na nasema hivyo kwa kumsifu.

Binti yangu alizaliwa kwa miezi saba. Siku tulipotoka naye hospitalini Voi kupanda mlima wa Sagalla, nesi alituonya kwamba mapafu yake bado ni machanga, na mafua ambayo sisi tungeyapuuza yangeweza kumuua. Tulimpa jina la nyanya yake, huyu mama mkwe wangu, Wakio. Nyanya alikuwepo, akayasikia ya nesi. Tulipofika nyumbani alitoboa mtungi wa plastiki wa lita tano, akauning'iniza langoni pamoja na kipande cha sabuni.

Maji, jamani! Huku kwetu kiangazi tunaoga kwa kikombe. Yeye aliyabeba mwenyewe kutoka kisimani alfajiri, halafu yakaishia kwenye mikono ya wageni. Nilinung'unika kimoyomoyo. Nilidhani hofu imemzidi.

Jumapili wakaja akina mama wa kanisa. Walitoka moja kwa moja kwenye ule mstari wetu wa baada ya ibada, ambapo kila mtu humpa kila mtu mkono, na siku hiyo nusu ya waumini walikuwa wakipiga chafya. Walitaka kumpakata mtoto mmoja mmoja, kama ilivyo desturi. Mama mkwe aliwasubiri langoni.

"Nawa, Mama Nicholas. Na sabuni," alimwambia mwenyekiti wao.

"Kwani nimeshika nini? Si nimetoka kanisani!"

"Umeshika mikono ya watu mia. Hata mimi nimeshika, na nimenawa."

Mama Nicholas alifungua mdomo ajibu, akapiga chafya kubwa kiganjani.

"Basi wewe utamwona kwa dirisha," Mama akasema.

Mwenyekiti alinuna, akashuka mlima na ndizi alizotuletea. Niliona aibu nikatamani ardhi inimeze.

Jumatano asubuhi Mama alikuwa anakuja kumchukua mjukuu wake, kama kila siku, chafya ikamjia yeye. Aliziba uso kwa kiwiko, akasimama palepale. Kisha akachukua blanketi na kikombe chake, akahamia jikoni, kile kijumba cha uani.

Kila jioni alikuja nje ya dirisha lililofungwa, leso puani, akamwimbia mjukuu, somo yake, kwa Kisagalla. Jioni moja mtoto aligeuza kichwa kuitafuta ile sauti. Mama aliona, machozi yakamtoka. Sikuvumilia.

"Ingia kidogo tu, Mama. Ni homa kidogo."

Ndiyo, mimi niliyeambiwa na nesi, ndiye niliyesema hivyo!

"Hapana, Mama Wakio. Nilimfukuza Mama Nicholas kwa chafya moja. Mimi nimepiga ngapi?"

Nilimpenda mwanamke yule siku hiyo kuliko nilivyowahi kumpenda.

Zilipita siku kumi na moja. Ya kumi na mbili, kikohozi kilikuwa kimemwisha kabisa, na mtoto hakuwa amepiga chafya hata moja. Mama alikwenda langoni akanawa, sabuni hadi viwikoni, akanawa tena, mpaka mtungi ukakauka. Yeye anayetupimia maji kwa kikombe! Kisha akaja mlangoni, mikono mbele, kama mtoto wa shule anayekaguliwa kucha.

"Angalia vizuri, Mama Wakio."

Niliiangalia mikono ile, imepasukapasuka kwa sabuni. Nikamweka mtoto mikononi mwake.