Nywele za Mdogo wa Kinyozi

Kinyozi alikuwa na upara uliokamilika, na hakuuchukia, kwa sababu moja tu: mdogo wake, dalali wa nyumba, alikuwa na wa kwake. Kila Jumamosi mdogo mtu alipoingia kunyolewa, wateja walipiga kelele, "Taa zote mbili zimewaka!" Kinyozi akacheka kwa raha ya mtu asiye peke yake msibani.

Kisha dalali akaamua kupandikizwa nywele.

Kwa kuwa akiona sindano huishiwa nguvu, alimwomba kaka yake amsindikize. Hospitalini walimpa dawa ya kumtuliza, akalala kifudifudi akikoroma huku wakimng'oa nywele za kisogoni mojamoja, kama wahamisha miche ya vitunguu. Muuguzi, kwa kukosa mwingine wa kumweleza, akamweleza kinyozi: paji litavimba, alale ameinua kichwa, magamba yakiwasha asijikune.

"Na baada ya wiki chache zitadondoka. Asishtuke, mizizi inabaki, zitaota upya baada ya miezi kadhaa. Ila wembe usipite hapo mpaka daktari aruhusu. Utamwambia?"

"Nitamwambia," alisema kinyozi, na wakati huo alikusudia kweli.

Habari ya uvimbe aliifikisha. Ya kulala pia. Lakini magamba yalipopukutika, vinywele vikaonekana kama kivuli chema juu ya paji, mke wa kinyozi alimzunguka dalali mara mbili.

"Shemeji! Umerudi ujana!"

"Mama watoto, mboga inaungua," alisema kinyozi.

"Hakuna kitu jikoni."

Basi habari ya kudondoka ikamkwama kooni, ikakaa hukohuko.

Siku ilipowadia, dalali aliingia dukani amevaa kofia, macho mekundu. Alipoivua, nywele zilikuwa zimebaki ndani yake.

"Kaka, nimeliwa."

"Pole sana, mdogo wangu," alisema kinyozi kwa sauti ya mazishini, na moyoni ngoma zinalia.

"Ninyoe zote. Tuwe kama zamani."

Kinyozi akampaka povu. Kiooni vichwa viwili vilifanana tena, na hicho ndicho alichokitaka usiku na mchana. Akainua wembe. Dalali akafumba macho, akalegeza shingo, kama alivyofanya kila Jumamosi ya maisha yake.

Wembe ukagoma hewani.

"Zitaota," alisema kinyozi.

"Nini?"

"Nywele. Muuguzi alisema zitadondoka kwanza. Ulikuwa unakoroma."

Dalali alifumbua jicho moja. "Ulijua tangu siku ile?"

"Nilipitiwa."

"Kaka. Ulipitiwa?"

"Sikupitiwa. Nilikuonea wivu mpaka nikakosa usingizi."

Dalali akajifuta povu kwa mkono wa shati, akavaa kofia, akaenda zake.

Jumamosi za miezi mingi zikapita bila yeye. Wateja wakiuliza, kinyozi aliwajibu kwamba mdogo wake ana shughuli nyingi. Hatimaye mkewe akaleta habari: zimeota, nyeusi tii, zimemziba masikio.

Kinyozi alingoja wivu umpande, nao ukampanda, ila ukapita njia nyingine.

"Nani anamkata?"

"Kijana mmoja kule sokoni. Leo ndiyo anaanza naye. Wanasema ana mkono mwepesi."

"Mwepesi!"

Akafunga duka mchana kweupe, akafika sokoni jasho likimtiririka. Dalali alikuwa kitini, shuka shingoni. Kijana mwenye mashine aligeuka, akautazama upara wa mgeni kwa huruma, akamuuliza anataka mtindo gani.

"Kushoto umepunguza mno," alisema kinyozi.

"Mzee, hii ndiyo staili."

"Staili gani? Umemfanya kama mlango ulioachwa wazi. Lete hiyo mashine."

Dalali hakugeuka. Kiooni, midomo yake ilikuwa ikipigana na kicheko.

"Kaka," alisema, "kaa kwenye foleni."

Kinyozi akatafuta benchi, akakaa.